Siku Mayi Aliposhika Titi

Mama yangu, ambaye sisi wanawe tunamwita mayi kama wanavyoita watu wengi wa Bungoma, alimlaani ndugu yangu mdogo Jumamosi moja asubuhi, mbele ya zizi tupu. Nilikuwepo. Nilikuwa nimefika Bumula jana yake kutoka Kitale, nilikoolewa na ninakouza mitumba, ili nimsaidie kuvuna maharagwe. Badala ya kuvuna nikawa shahidi wa kesi ya ng'ombe.

Ng'ombe alikuwa wa mayi mwenyewe. Baba alipofariki hakuacha mfugo hata mmoja. Mayi aliuza ndizi mpaka akapata ndama, akamlea mpaka ndama akawa ng'ombe wa kuzaa, na maziwa yake ndiyo yaliyomfikisha huyo huyo ndugu yangu kidato cha nne. Sasa ndugu yangu, mtu mzima mwenye ndevu, alimfungua ng'ombe huyo kamba wakati mayi yuko kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, akampeleka sokoni, akarudi juu ya pikipiki nyekundu. Ilikuwa ile miaka ambayo pikipiki zilianza kujaa barabarani, na wenye baiskeli za kubeba abiria wakaanza kuonekana wazee. Kila kijana aliota pikipiki.

"Mayi, hii itazaa kuliko ng'ombe," akasema. Hata kushuka hakushuka.

Mayi hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha, maana mama yangu ni mtu wa kelele, na mimi nimezirithi zote. Aliweka ndoo chini, akapitisha mkono wa kulia ndani ya blauzi, akalikamata titi la kushoto kwelikweli, akasema kwa Kibukusu maneno ambayo sitayaandika hapa. Maana yake ni kwamba kama ni hili alilonyonya, basi chuma hicho kisimfikishe popote.

Mtu wa mbali anaweza kuona ni mchezo. Kwetu si mchezo. Mama anaweza kukutukana kutwa nzima na jioni mkala ugali pamoja. Lakini akishika titi, hapo ni kwingine. Padri haiondoi laana hiyo, mzee wa ukoo haiondoi. Anayeweza kuyarudisha maneno hayo ni mama yuleyule, kwa titi lilelile, mtoto akiwa amepiga magoti mbele yake.

Alipomaliza kusema nikaona jambo jingine. Mkono haukutoka. Ulibaki mle ndani ya blauzi, vidole vikitembeatembea, na uso ukabadilika, kama mtu aliyetia mkono mfukoni akakuta kitu asichokiweka. Nikadhani ni majuto. Ndugu yangu hakuona kitu. Alikuwa ameshaiwasha pikipiki kwa kiki.

"Laana yako kaa nayo!" akapaza sauti, akaondoka kwenda Kiminini, alikokuwa na rafiki wa kuishi naye. Kuanzia siku hiyo hao wawili hawakuongea.

Biashara yangu Kitale ni sidiria. Watu hucheka nikisema, lakini watoto wangu wamekula na kuvaa kwa sidiria, kwa hiyo wacheke tu. Nikifungua bale asubuhi, zile nzuri kabisa, ambazo sisi wauzaji tunaziita kamera, huchukuliwa na wateja wanaojijua kabla hata sijazitundika. Nimepima vifua vya walimu, vya wauza nyanya, vya wake wa wachungaji. Kazi hiyo imenifundisha kitu ambacho wanawake wengi hukionea aibu bure: karibu hakuna aliye na matiti mawili yanayolingana. Moja huwa kubwa kidogo, basi, ndivyo Mungu alivyoumba. Cha kumshtua mtu ni mabadiliko, yaani titi uliloishi nalo maisha yako yote kuanza kuwa na tabia mpya.

Mayi hakuwahi kuniomba sidiria. Ghafla baada ya ile kesi ya ng'ombe akaanza kunipigia simu. Kwanza alitaka kubwa zaidi. Nikamtumia. Akasema hizo nyeupe hazitaki, nilete nyeusi. Nikatuma nyeusi. Akasema vyuma vinamchoma, nimtafutie za kitambaa laini.

"Mayi, kwani una harusi?" nikamtania.

"Wee, lete tu." Akakata simu.

Nilirudi Bumula shule zilipofungwa Desemba. Kulikuwa na jua la kukausha mahindi, na mama yangu amejifunika leso mabegani kama mtu wa Mlima Elgon. Nilipotaka kumkumbatia akanipa bega la kulia. Ndoo akabeba kwa mkono mmoja. Asubuhi iliyofuata nikampelekea maji ya moto kwenye bafu letu la mabati nyuma ya jikoni. Nilisukuma mlango bila kubisha. Ni mama yangu, nibishe nini?

Titi la kushoto lilikuwa limevimba na kujivuta upande mmoja. Chuchu, ambayo sote tuliinyonya, ilikuwa imeingia ndani kana kwamba kuna mtu ameivuta kwa uzi. Ngozi chini yake ilikuwa na vishimo vidogovidogo, ganda la chungwa kabisa. Sidiria nyeusi ilikuwa imetundikwa ukutani, na ndani yake kitambaa chenye doa la maji yaliyochanganyika na damu. Ndipo nikaelewa kwa nini hakutaka nyeupe.

"Mayi, hii ni nini?"

"Funga mlango, baridi inaingia."

"Inauma?"

"Haiumi. Ingeuma si ningesema?"

"Tangu lini?"

Akajimwagia maji. Nikamwambia avae, tunaenda hospitali ya Bungoma sasa hivi. Akasema haendi. Nikasema ataenda. Akasema yeye ndiye aliyenizaa, si mimi niliyemzaa. Tukaendelea hivyo, mimi nje ya mabati, yeye ndani, mpaka kuku wakakimbia.

Nikamwita senge, dada ya marehemu baba, ambaye boma lake linapakana na letu. Nilitaka anisaidie kumsukuma. Kumbe senge alikuwa anajua zamani! Hao wawili walikuwa wamekaa na siri hiyo wakiipikia chai kila jioni. Nilichemka.

"Mficha maradhi kifo humuumbua!" nikamwambia mayi.

"Mimi sijaficha," akajibu. "Senge yako anajua."

Ukitaka kujua nilikotoa ulimi wangu, ni hapo.

Hatimaye aliketi kwenye kigoda akaniambia. Siku ile ya zizi, alipolishika titi, vidole vyake vilikutana na donge. Lilikuwa gumu, kubwa kama kokwa la parachichi, na halikusogea alipolisukuma. Hakuwa amewahi kulisikia kabla, maana ni mwanamke gani wa rika lake anayejishikashika matiti, watoto wameshaacha kunyonya miaka mingi? Akalinganisha mambo mwenyewe: ametamka, na papo hapo donge limetokea. Laana imekosa njia, imerudi kwa mwenyewe.

"Sasa kama imerudi kwako si ndiyo sababu ya kwenda hospitali?"

"Na wakilikata?" akaniuliza.

"Walikate! Wewe ubaki."

"Na mwanangu nitamrudishia maneno yake na nini?" Akagusa upande wa kulia. "Na hili? Hili halikusema kitu."

Nilikaa chini kwenye majani nikalia kwa hasira, kwa sababu niliona kwamba mama yangu alikuwa ameamua kufa akiwa na titi lake, ili tu mtoto aliyemwibia ng'ombe asibaki na laana. Na kumwita huyo mtoto hataki. "Aliyeuza ng'ombe ni mimi? Njia anaijua." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Sawa, lakini na kiburi cha mzazi nani akijue?

Kesho yake nilikwenda Kiminini mwenyewe. Nilimkuta ndugu yangu kwenye kituo cha pikipiki, amekaa juu ya ile nyekundu yake anangoja abiria. Taa ya mbele ilikuwa imefungwa kwa waya, na kidevuni alikuwa na kovu jipya. Wenzake wakaniambia kwa kicheko kwamba huyu jamaa huanguka hata mahali pasipo na shimo. Yeye hakucheka. Niliona kwamba anaamini ni ile laana.

"Ati mayi anasemaje?" akaniuliza, akiangalia barabara. "Anataka niende nikamwombe? Si aniite mwenyewe, bana."

Nikamweleza yote: donge, chuchu, ngozi, kitambaa. Nilieleza kwa sauti ya sokoni, hata wenzake wakaanza kusogea mbali kwa aibu.

"Ni la kushoto?" akauliza.

"La kushoto."

Alijua lipi lilishikwa. Nikamwambia tupande twende sasa hivi apige magoti, mayi akishayarudisha maneno yake akubali hospitali. Akasema atakuja Jumamosi. Nilimwambia maneno mabaya sana, na akayapokea, na bado akasema Jumamosi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba siku hizo alizipitisha kwenye zahanati ya pale Kiminini, akimsumbua muuguzi kwa maswali: mtu mwenye hali kama hiyo hutibiwaje, huchukua muda gani, na je, wagonjwa humaliza matibabu? Muuguzi akamwambia wengi huanza, kisha wakaacha katikati.

Jumamosi senge aliandaa kila kitu. Aliweka kigoda mbele ya mlango, na kibuyu cha maji kando yake, kwa sababu mama huchukua maji kinywani akampulizia mtoto, na ndivyo maneno mabaya yanavyopozwa. Mayi alikaa amevaa gauni la kanisani. Nilimchana nywele. Tulisikia pikipiki mbali, ikikohoa, na uso wake ukawa wa msichana.

Ndugu yangu akaja, akavua helmeti, akasimama.

"Piga magoti," senge akasema.

"Sipigi."

"Mayi, nakujua," akaendelea. "Nikipiga magoti saa hii utaniondolea, halafu utarudi kitandani kungoja kufa, roho safi, kazi imekwisha. Sitapiga. Kwanza daktari akuone."

"Shetani huyu!" senge akapiga kelele. Mimi nilivua kiatu nikamrushia. Kilimpata sikioni na hakujikinga.

"Na nikifia njiani?" mayi akauliza polepole.

"Basi nitabaki na laana yako. Utakuwa umeniachia. Amua wewe."

Nilimchukia. Niliona ni ukatili wa mtu aliyezoea kuchukua vya watu. Mayi alimwangalia muda mrefu sana, na yeye akamwangalia vilevile, taya zao zikiwa zimekaza namna moja.

"Lete sweta," mayi akaniambia. "Kichwa cha huyu ni changu. Nilikosea kumpa."

Akaizunguka ile pikipiki kabla ya kupanda. Akaigonga tangi kwa vidole.

"Huyu ndiye ng'ombe wangu?"

"Ndiye, mayi."

"Amekonda."

Wakaondoka hivyo, mayi amekaa upande kama malkia, mimi nyuma kwa pikipiki nyingine. Ndugu yangu aliendesha taratibu hivi kwamba pale Kanduyi baiskeli zilitupita. Alikuwa anaogopa kuanguka naye.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, na mayi akataka kujua kama ameolewa kabla hajakubali kuvua blauzi. Daktari akasema bado anatafuta. Basi wakaelewana. Alimtaka ainue mikono juu, aishushe, ashike kiuno, akamwangalia tu kwanza. Kisha akampapasa kwa vidole vilivyonyooka, akizunguka polepole, akapanda mpaka kwapani. Kwapani akasimama kidogo. Niliona.

"Mama, ulianza kulisikia lini?"

Mayi akamweleza kisa chote, ng'ombe akiwemo. Nilitaka kujificha chini ya meza. Daktari hakucheka.

"Mambo ya laana mimi siyajui," akasema. "Ya uvimbe nayajua kidogo. Donge la ukubwa uliousema halitokei kwa siku moja. Siku ile lilikuwa limeshakaa humo muda mrefu, pengine tangu ng'ombe akiwa bado zizini. Mkono wako ulilikuta tu."

"Lakini haikuuma."

"Mara nyingi mwanzoni haiumi. Ndiyo maana watu huliacha. Ungekuja siku ileile, ningefurahi zaidi. Lakini umekuja."

Akanigeukia mimi. Akaniuliza kama huwa najiangalia. Mimi, muuza sidiria wa Kitale, niliyepima vifua vya nusu ya mji! Nikasema hapana. Akanifundisha palepale: mara moja kila mwezi, siku chache baada ya hedhi, na aliyeacha kuona hedhi achague tarehe moja asiibadilishe. Simama mbele ya kioo, tazama kama umbo limebadilika, kama ngozi imeingia vishimo au imekuwa nyekundu, kama chuchu imegeuka kuingia ndani au inatoa majimaji ambayo si maziwa. Halafu papasa titi lote, na kwapa usilisahau. Ukikuta kitu kipya, usikae nacho ukikiuliza maswali. Njoo kiulizwe na wenye vifaa. Madonge mengi, akasema, huwa si kansa, lakini hayajitambulishi mlangoni. Akaongeza kwamba kwa kuwa mama yangu ameugua, mimi nina sababu zaidi ya kutochelewa, na hata ndugu yangu asidhani wanaume hawapati.

Mayi alitoka nje akamkuta ndugu yangu amechuchumaa kando ya ukuta.

"Daktari anasema si wewe," akamwambia.

"Nilijua si mimi," akajibu, halafu akageuka akajifuta uso kwa glovu ya pikipiki.

Walichukua kipande cha nyama kwa sindano, kikapelekwa maabara, tukangoja. Majibu yakaja: kansa, na imefika kwapani. Mpango ukawa kwanza apewe dawa za dripu za kulinyausha lile donge, halafu titi liondolewe. Mayi alisikiliza yote, akashukuru, na tulipofika nyumbani akaketi kwenye kigoda.

"Haya. Daktari ameniona. Piga magoti."

"Maliza dripu," ndugu yangu akasema.

"Ulisema daktari aone!"

"Ameona. Anasema dripu."

Mayi akamwita majina. Nikamuuliza mayi mwenyewe, baada ya kuelezwa vizuri vile kwamba donge lilikuwepo zamani, bado ana haja gani ya kumpigisha mtu magoti?

"Daktari ameeleza ya donge," akaniambia. "Ya maneno hajaeleza. Maneno niliyasema."

Dripu zilimtesa. Alitapika, mdomo ukachubuka, chakula kikawa na ladha ya misumari. Nywele zilitoka kwa mafungu, na mimi niliyemchana kwa ajili ya ile Jumamosi nikaziokota kwenye mto. Safari moja aligoma kabisa. Alilala akiangalia ukuta, akasema amechoka, aachwe na Mungu wake. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwombea, wapi! Ndugu yangu akaja akasimama mlangoni.

"Sawa, mayi. Nitabaki nayo."

Baada ya muda mayi akaanza kutafuta viatu kwa miguu chini ya kitanda.

Ni siku hiyo nilipoelewa alichokuwa akifanya. Mtu ambaye aliamini kila kuanguka kwake kulitoka kwenye kinywa cha mama yake alikuwa anaendelea kupanda pikipiki hiyo kila siku, hana kinga, ili mama yake awe na jambo moja la kumfanya aishi. Senge alimwambia anacheza na maisha yake. Akajibu kwamba anajua. Nilikumbuka kile kiatu, na sikuomba msamaha, kwa sababu kwetu hatuombani. Nilimpikia kuku.

Donge likanywea. Siku ya upasuaji ikawekwa.

Asubuhi hiyo mayi alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, gauni la hospitali likiwa wazi mgongoni, kichwa hakina nywele, na wanakuja kumchukua. Akashika chuma cha kitanda.

"Mwanangu aingie."

Muuguzi akasema hii ni wadi ya wanawake, wanaume hawaingii asubuhi. Mayi akamwambia kwa Kibukusu kwa nini. Muuguzi, mwanamke mnene wa makamo, akatuangalia mmoja mmoja. Akavuta pazia kuzunguka kitanda, akaenda mwenyewe kumwita. Ndugu yangu akaja na helmeti mkononi. Safari hii hakuambiwa. Aliweka helmeti chini, akapiga magoti kwenye ile sakafu yenye harufu ya dawa.

"Maji," mayi akasema.

"Haruhusiwi kunywa kitu!" muuguzi akashtuka. "Anaenda thieta!"

"Sinywi. Natema."

"Ukimeza hata tone nitakufukuza hapa!"

Wakampa maji kwenye kikombe cha plastiki. Mayi akaingiza mkono wa kulia ndani ya gauni, akalishika titi la kushoto, lile lenye chuchu iliyozama, taratibu safari hii. Akachukua maji kinywani, akampulizia usoni. Muuguzi alimfungua mdomo kuhakikisha yametoka yote, kisha mayi akasema. Haya ninaweza kuyaandika.

"Ulinyonya hapa. Ulishiba hapa. Nilichosema kwa hili nakichukua, linakwenda nacho. Pita barabara yako."

Mtoto anatakiwa kuitikia. Ndugu yangu alifungua mdomo, na kilichotoka ni kilio tu, kilio cha mtu mwenye ndevu, kibaya kukisikia. Kitanda kikasukumwa. Mayi aligeuza shingo kumwangalia mpaka milango ikafunga.

Walipomrudisha alikuwa amefungwa bandeji kifua kizima na mrija ukitoka ubavuni. Alifumbua macho jioni. Nilidhani atauliza kama wamelikata, au kama kansa imeisha. Midomo ilikuwa imekauka, ikabidi niiname.

"Aliitikia?" akaniuliza.

Ndugu yangu alikuwa upande wa pili wa kitanda.

"Nimeitikia, mayi," akasema. "Nimeitikia."

Mayi yuko hai. Kila akienda kupimwa tunashika roho mkononi, na mpaka sasa tumerudi naye nyumbani. Mkono wa kushoto huvimba, kwa sababu walitoa na tezi za kwapani, na daktari alimkataza kazi nzito. Kwa hiyo ndugu yangu alipomletea ng'ombe mwingine, mayi alimcheka sana: "Ulimchukua nikiwa na mikono miwili, unamrudisha nikiwa na mmoja!" Jamaa akahama Kiminini akarudi Bumula, na kila alfajiri, kabla ya kutoa pikipiki, hukaa kwenye kigoda anakamua mwenyewe, huku mayi amesimama nyuma yake akimwambia anakosea.

Kwa upande uliobaki mtupu nilimpa sidiria niliyoitengeneza kwa mkono, yenye mfuko nilioujaza mtama ili uzito ulingane. Nyeupe. Akina mama wa kanisa walimwuliza mtu anajikagua vipi, na yeye, badala ya maneno ya daktari, akawaambia: "Shika kama unayetaka kulaani. Lakini funga mdomo." Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Najua kwamba wengine walikwenda nyumbani wakafanya, maana mmoja alipelekwa hospitali mapema, likakutwa donge la kawaida tu, akarudi akiimba.

Binti yangu mkubwa ana ulimi wa nyumba yetu. Siku moja Kitale alinijibu neno, mbele ya wateja, neno ambalo binti hamwambii mama. Nilisimama. Damu ilinipanda, na kabla sijajua ninafanya nini, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshaingia ndani ya blauzi. Yeye akaona. Anajua maana yake. Uso ukamwisha rangi, na hanga aliyokuwa ameshika ikaanguka.

Nililishika. Mdomo ulikuwa wazi. Kisha vidole vikaanza kutembea, pole pole, kuzunguka, chini, kando, vikapanda hadi kwapani.

"Mama," akanong'ona, "unasema nini?"

"Sisemi kitu," nikamwambia. "Natafuta. Njoo hapa nikuonyeshe na wewe."